Dua kwa Sauti ya Jikoni

Mama alifariki Harrow, pembezoni mwa London, tukiwa bado wageni wa Uingereza pamoja na Wahindi wenzetu kutoka Afrika Mashariki. Kabla ya khitma ya kumrehemu, mwalimu wa wanawake msikitini, bibi aliyetoka India moja kwa moja, aliniambia nisisome mimi dua ya kumwombea. Ataisoma binti yake yeye mwalimu.

"Kisomo chako cha Kiafrika ni sawa nyumbani," alisema. "Mbele za watu, hapana."

Kisomo hicho alinifundisha mama jikoni Mombasa huku akikuna nazi, naye alifundishwa chuo cha Kurani na maalim Mswahili. Nasaba yetu ni ya Kihindi, sikatai, lakini Mungu tulimjulia Mombasa. Nani kamwambia bibi yule kwamba huku London Mungu hatusikii?

Jirani yetu wa ukuta mmoja, mjane Myahudi aliyekulia Tel Aviv, alituletea mayai ya kuchemsha, kama kwao wanavyowapelekea wafiwa. Nikamweleza yaliyonikuta. Akacheka kwa hasira.

"Nilipomzika mume wangu, rabi alilitaja jina lake kwa Kiebrania cha ibada, akalitia mkazo kwenye silabi ya mwisho. Sisi mtaani na mezani tunalikaza mwanzoni. Nikaona wanamzika mtu mwingine."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwita mwenyewe, kwa sauti, kama nilivyokuwa nikimwita aje kula. Watu wote waligeuka. Wageuke!"

Nilikula yai lake nikiwa nimeshaamua.

Siku ya khitma sebule ilijaa wanawake, shuka nyeupe zimetandikwa, udi unafuka. Juzuu zilipokwisha kusomwa, bibi mwalimu alimwashiria binti yake. Kabla msichana hajafungua mdomo, nikainua mikono na kuianza dua. Niliisoma kwa lafudhi ya mama, nikivuta alipovuta, nikipumzika pale alipozoea kunyamaza apunguze moto wa jiko. Bibi mwalimu alikohoa. Akakohoa tena. Sikumwangalia. Kina mama wa Mombasa waliokaa karibu na mlango wakaanza kuitikia, kwanza chini chini, kisha kwa sauti kamili.

Dua ikishaanza haikatwi, na marehemu anayeombewa hanyimwi amin. Nilipofika kwenye jina la mama, nililitamka kama alivyoitwa kwetu na majirani zake, kisha nikanyamaza, nikamkazia macho bibi mwalimu na kumsubiri.

"Amin," akasema.