Okay ya Miguu

Katika biro moja ya serikali hapa Kasongo kuna chefu, mkubwa wa ofisi, anayejibu kila jambo kwa neno moja la Kiingereza: okay. Akilisema huku anatazama simu, maana yake hajakusikia. Akilivuta, okaaay, maana yake rudi kesho. Akilisema mara mbili haraka haraka, maana yake toka.

Juzi mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama wa Kabambare. Gunia lake la mbegu za karanga lilikuwa bado limefungiwa depo, katika ghala la ofisi, ingawa ukaguzi ulikwisha, na kwao mvua zilikwisha kuanza.

"Okaaay," chefu akamwambia.

Mama hakuondoka. Alitandika kitenge sakafuni, kati ya meza na mlango, akaketi na kunyoosha miguu.

"Mama, si nimesema okay?"

"Nimesikia, baba. Ile ya jana ilikuwa ya mudomo. Leo niko nangojea ya miguu."

Foleni nzima ikacheka. Chefu alitutazama, akaitazama ile miguu iliyomzibia njia ya kwenda kula, kisha akachukua funguo za depo. Alirudi jasho likimtoka, gunia begani, akalipandisha mwenyewe kwenye pikipiki iliyokuwa ikingoja nje.

Mama alikung'uta kitenge, akajifunga, akapanda nyuma ya dereva.

"Okay," akamwambia chefu, na pikipiki ikaondoka.

Kamusi yangu ina maana nyingi za neno hilo. Hiyo ya mama, okay ya miguu, haikuwamo. Nimeiongeza kwa kalamu.