Taa ya Shanga Ukingoni mwa Kreta

Kibao mlangoni mwa karakana yangu Arusha kilisema: "Vitu vya asili tu. Plastiki mwiko." Nilikiandika mwenyewe, kwa majivuno. Ndicho kilichoivutia hoteli moja ya Ngorongoro, ikaagiza taa kubwa ya shanga ya ukumbini. Wageni wa kwanza wakiipenda, meneja aliahidi, taa za vyumba vyote zitakuwa kazi yetu. Wasipoipenda, atatafuta karakana nyingine. Mafundi wangu sita waliitaka sana kazi hiyo, nami sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Jumatano alfajiri tuliondoka na pikapu, taa ikiwa katikati ya magodoro mawili. Tulipopanda mlima wa Mto wa Mbu, dereva aliendesha kama aliyebeba mayai.

Saa sita tulikuwa Karatu. Mama aliyetuuzia makande akauliza, "Huko juu kuna ukungu, mmebeba makoti?" Nikamjibu ninayo mawili. Taa sikuifikiria.

Alasiri, ukingoni mwa kreta, tuliitundika: pete tatu za shanga nyekundu, nyeupe na buluu, zilizoshikiliwa na vipande vya ngozi mbichi ya ng'ombe. Meneja akapiga makofi. Nililala usingizi wa mshindi.

Asubuhi pete zilikuwa zimelegea kama masikio ya mbuzi. Madirisha ya ukumbi yalikuwa yameachwa wazi, na ukungu ukaingia. Wageni wangefika jioni hiyo hiyo. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Naserian, mhudumu wa vyumba, Mmaasai wa kijiji cha Oloipiri, aliibonyeza ngozi kwa kidole.

"Fundi, hii imekunywa maji. Ngozi walitumia bibi zetu. Sisi tunakata vipande vya dumu la mafuta."

"Dumu la plastiki?"

"Sasa huu unadhani nimeutengeneza kwa kitu gani?" Akagusa ushanga wake shingoni. "Si ungeuliza tu, fundi?"

Kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza. Jikoni kulikuwa na dumu jeupe tupu. Yeye na wenzake watatu walikata, wakatoboa, wakatunga upya kutwa nzima. Mimi niliwachambulia shanga. Saa kumi na moja taa ilikuwa juu, imekaza, na wageni walipoingia waliacha mizigo wakaitazama. Meneja akatupa kazi ya vyumba. Nikamwambia siianzi bila Mama Naserian.

Ijumaa tulirudi Arusha. Nilikuwa nimewafundisha watu asili yao wenyewe, tena kwa kibao! Nilikibandua kabla hata ya kushusha magodoro. Msumari wake sasa umeshika nusu ya dumu jeupe iliyobaki. Mteja akicheka, namwambia aulize kwanza.