Boti Moja kwa Chanjo na Kodi

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika. Naanza na hilo kwa sababu wauguzi vijana wakiniona na mvi zangu wanadhani nilizaliwa jasiri. Wapi! Mimi ni mtoto wa Kalinzi, wa migomba na kahawa huko juu. Ziwa nilikuwa nalitazama kwa mbali tu. Nikaripoti kwa Mganga Mkuu wa Wilaya nimevaa viatu vipya vyenye kisigino. Akaviangalia, akasema, "Vua hivyo, binti. Wewe unakwenda mkoba." Kabla ya adhuhuri nilikuwa katikati ya maji, nimekumbatia kisanduku cha chanjo, natapika, na nahodha ananicheka bila huruma.

Huduma ya mkoba ni kliniki inayowafuata watu badala ya kuwasubiri. Unabeba mizani, kadi, sindano, na chanjo ndani ya kisanduku baridi kilichopangwa pakiti za barafu. Chanjo ikipata joto inakufa, na haina harufu wala rangi ya kukuambia imekufa. Utamchoma mtoto wa watu maji matupu. Kwa hiyo tulifundishwa kulinda mnyororo baridi, yaani ubaridi usikatike tangu friji ya mjini mpaka mkono wa mtoto. Na vijiji vyetu vya mwambao vilikuwa visiwa kasoro jina: mbele maji, nyuma mlima, barabara hakuna. Usipofika kwa boti, hujafika. Niliipenda kazi ile, jamani! Nilikuwa naamka kabla ya jogoo kwa hamu ya kwenda.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Watu walivuka kutoka Burundi, baadaye na Kongo, kwa mitumbwi na kwa miguu, na halmashauri yetu ikajikuta inahitaji maji, vyoo na dawa kwa watu wengi kuliko ilivyowahi kuota. Mkurugenzi Mtendaji akatuita wakuu na wadogo, akatangaza kubana matumizi. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda sana kusikia sauti yake. "Afya wana boti," akasema. "Hazina nao wanakodi boti kwenda kukusanya kodi. Mafuta mara mbili, ziwa lile lile! Kuanzia sasa mtapanda pamoja." Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Aliyepanda nami tulimwita Bwana Kodi. Lilikuwa pande la mtu, kaptula ya kaki, sauti inayovuka ghuba, na nyuma yake mgambo wawili wenye virungu. Kazi yake ilikuwa kodi ya maendeleo, ambayo wananchi waliiita kodi ya kichwa: kila mtu mzima alipe, na asiye na stakabadhi abebwe. Alipokanyaga boti yangu na mkoba wake wa stakabadhi, nahodha alininong'oneza, "Dada, leo tutavua hewa."

Na safari ile haikuwa ya mchezo. Surua ilikuwa imeingia kwenye kambi ya kuwapokea wakimbizi, watoto walikuwa wanazikwa. Mganga Mkuu alinishika bega gatini. "Surua inasafiri na watu, na watu wanashuka pwani yote hii. Kijiji cha mwisho kule kaskazini kina watoto wengi hawajachanjwa. Ukiwakosa leo, sina mafuta ya kukurudisha mpaka ugonjwa utakapokuwa umeshafika." Tukafuata mwambao kwenda kaskazini, na safari hiyo sikutapika hata kidogo. Nafasi ya kutapika sikuwa nayo.

Tukafika. Lo! Moto unawaka jikoni, dagaa wameanikwa mchangani, kuku wanawadonoa wapendavyo, na binadamu hakuna. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia injini, kikapanda mlimani na watoto wake. Nikamgeukia Bwana Kodi nimewaka.

"Wamekukimbia wewe!"

"Wamekimbia wajibu wao."

"Haya, niambie wajibu wa mtoto anayenyonya ni upi! Analipa kodi gani?"

Nikafunua kisanduku nikamwonyesha. Barafu ilikuwa imeanza kuogelea. "Hii ikiisha, mimi na wewe tulikuja kutembea," nikamwambia. "Na surua ikija itawakuta hivi hivi."

Akainamia kisanduku. "Inaua kweli hiyo surua?"

"Watoto wako wamechanjwa?"

"Mama yao ndiye anayejua."

"Basi mshukuru mama yao!"

Hapo akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia nasimama. Alivua kofia ya kazi, akawatupia mgambo mkoba wa stakabadhi, akawaamuru wasukume boti waende wakatie nanga mbali, mahali ambapo kila aliyeko mlimani angewaona. Kisha akakiinua kisanduku changu, akajitwisha kichwani, akaanza kupanda. Mimi nyuma yake na sindano, nahema.

"Mwakeye!" akanguruma salamu ya Kiha. "Ni mimi yule yule mnayemkimbia! Tazameni majini, kodi iko kule! Huku nimeleta barafu ya watoto!"

Hakutoka mtu. Akarudia. Kisha kwenye mihogo bibi mmoja akacheka mpaka akakohoa. "Jamani njooni mwone! Bwana Kodi amekuwa hamali!" Basi hiyo ndiyo ikawa salama yetu. Walitoka mmoja mmoja, wanawake kwanza, wanamcheka waziwazi, naye anachekwa na kuendelea kupanda. Tulichanjia pale pale kwenye shamba la mihogo. Kazi yake ikawa kushika mikono ya watoto, na nawaambieni ukweli, wengi walilia kwa kuona sura yake kabla ya sindano.

Mama mmoja alibaki juu zaidi, amesimama na mwanawe wa miaka kama mitatu mgongoni. Alikuwa Goreti, mkimbizi kutoka Burundi aliyejificha kwa shangazi yake pale kijijini, akiogopa kuandikishwa na kupakiwa lori la kambini. Nilimpandia polepole. Akaniuliza, "Utaandika jina langu?"

"Nitaandika la mtoto, kwenye kadi yake. Na kadi unabaki nayo wewe."

Akamwangalia Bwana Kodi. Naye akakaa chini, akatugeuzia mgongo, akatazama ziwa. "Mimi hapa sijaona mtu," akasema. Goreti akafungua mbeleko.

Mjini Mkurugenzi alituweka kiti moto. "Kodi iko wapi?"

"Iko mlimani, mheshimiwa," Bwana Kodi akajibu. "Ilitukimbia."

Mkurugenzi akafura, akanigeukia. "Nawe bila shaka unataka boti yako peke yako! Fedha sina!"

"Sitaki boti," nikasema. "Nipe nauli. Boti za wachuuzi wa dagaa zinakwenda kule kila siku. Nitakaa juu ya magunia na kisanduku changu." Akanitazama, akamwita Mweka Hazina, wakanong'onezana. Nauli ya muuguzi mmoja ilikuwa nafuu mno kuliko pipa la mafuta. Tangu hapo nilinuka dagaa mpaka nilipopandishwa cheo, na sikukimbiwa tena.

Sasa nimestaafu, niko zangu Bangwe. Vijana wa halmashauri hunitembelea, shikamoo mama nyingi, wakanieleza mipango yao ya kubana matumizi. Nawaunga mkono! Fedha ya umma ibanwe hasa. Ila huwauliza swali moja: mkishaunganisha hiki na kile, mama wa kule mwisho akisikia injini atafanya nini? Wengi hawajui, nami huwapandishia sauti. Uzee haujanipunguzia hasira.

Msimu ule wa safari yangu na Bwana Kodi, surua ilifika mwambao wote. Ilipopita nilirudi kile kijiji juu ya magunia, naogopa kuuliza. Nikamkuta Goreti anageuza dagaa. Sikumbuki hata kama nilimsalimu.

"Mtoto yuko wapi?"

Akanyoosha kidole ziwani bila kuinua kichwa. "Yule pale majini, tangu asubuhi. Nimemwita, amekataa kutoka. Kamtoe wewe, dada, mimi amenishinda."