Malengelenge Kwenye Pasipoti

Mwisho wa mwaka, watu wengi hushusha pumzi. Madobi huo ndio wakati wao wa kukosa hata pa kuweka mguu, maana kila mtu anataka kung'aa: mwenye safari, mwenye harusi, hata yule ambaye mwaka mzima huvaa nguo zilizokunjamana kama karatasi ya kufungia karanga. Kibanda cha Mama Dobi kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kutazama barabarani, meza ndefu iliyovikwa blanketi kuukuu, na waya uliopita kutoka ukuta hadi ukuta ukiwa umebeba mashati kama watu waliopanga foleni bila vichwa. Humo ndimo alimomlea binti yake baada ya kufiwa na mume. Na humo ndimo simu ilimomkuta, mwisho wa mwaka uliotangulia.

Binti yake waliyemwita Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo wake, alikuwa ameolewa nchi nyingine. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imetimia. Siku ile Mama Dobi alikuwa na shati jeupe la mteja mezani, pasi mkononi, simu imebanwa kati ya sikio na bega.

"Mama," mkwe wake alisema, "mtoto tumempoteza."

Kisha akampa mkewe simu. Kidoti alivuta pumzi kwa muda mrefu, halafu akasema, "Ungekuwepo, mama." Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayetaja kitu alichokitafuta chumba kizima asikione. Mama Dobi aliposhtuka, moshi ulikuwa unapanda mezani na shati la mteja lilikuwa na alama ya pasi mgongoni, nyeusi, kamili, kama unyayo wa mtu aliyepita na kwenda zake.

Ndiyo maana Kidoti alipopata mimba nyingine, na hesabu za daktari zikaangukia mwisho wa mwaka tena, Mama Dobi aliapa kwamba safari hii atakuwepo. Aliomba viza. Ofisini mashine ya alama za vidole ilikataa mkono wake wa kulia, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa akilamba vidole vya mkono huo na kuvigusisha kwenye pasi kusikiliza kama imepata moto. Ngozi ilikuwa imekuwa ngumu na laini kama kigae, haina mistari, wala haihisi kitu. Karani alihangaika, mwisho akachukua alama za mkono wa kushoto, naye Mama Dobi akarudi kazini na kulisahau jambo lenyewe.

Siku moja kabla ya kuondoka alikuwa akimalizia nguo za mwisho huku akigombana na wateja kupitia dirishani.

"Mama Dobi, unatuacha na sikukuu hizi?" mmoja alilalamika. "Nani atanipigia pasi suruali yangu?"

"Una mikono, baba. Siku moja uifanyie mazoezi."

Pasipoti ilikuwa mezani, pembeni. Aliiweka pale ili asiisahau. Akanyanyua chupa ya kunyunyizia maji, kifuniko kikafyatuka, maji yote yakaishia juu ya pasipoti. Aliifuta upesi kwa kanga, akaifungua kwenye ukurasa wa picha ili ikauke, lakini karatasi zilikuwa zimeanza kujikunja. Simu ikaita. Alikuwa mkwe.

"Mama, wasiwasi wangu ni presha. Leo imepanda tena. Wamesema wakiona inazidi watamlaza."

Masikio ya Mama Dobi yalimsikiliza mkwe. Mikono yake ilifanya inachojua kufanya ikiona kitu kilicholowa na kujikunja: ilitandaza kitambaa cha pamba juu yake, ikachukua pasi, ikapitisha mara moja, polepole, na kukandamiza pembeni. Alipoondoa kitambaa alikuwa bado anasema, "Mwambie nakuja, mwambie kesho tu."

Kisha akaona. Ukurasa wa picha ulikuwa wa plastiki, na plastiki ilikuwa imetoa malengelenge. Lengelenge moja lilikaa juu ya shavu lake pichani. Jingine lilikuwa limemeza jicho. Kona moja ya ukurasa ilikuwa imebanduka.

Aliita jirani yake, fundi viatu aliyeitwa Gundi, mwanamume ambaye hakuna kitu duniani alichoamini kwamba hakibandikiki.

"Dada, umefanya nini?" Gundi aliigeuza ile pasipoti huku na huku. "Nimeona watu wakipiga pasi soksi, hata kamba za viatu. Sijawahi kuona mtu akipiga pasi serikali."

"Usinichekeshe. Ofisi zimefungwa sikukuu, ndege ni kesho asubuhi. Nitafanyaje?"

"Kona tu hii imeachia. Lete."

Kabla hajamzuia, Gundi alikwisha kutoa kichupa, akapaka tone chini ya kona na kuifinya kwa kidole gumba. Ilishika. Gundi alitabasamu kama daktari. Mama Dobi alitazama uso wake pichani, ulioumuka, na kitu kikamwambia kwamba sasa ndipo mambo yameharibika kweli.

Uwanja wa ndege wa nyumbani ulikuwa umefurika wasafiri wa likizo, na huo wingi ndio uliomwokoa. Karani alijaribu kuiweka pasipoti kwenye mashine, mashine ikalia, naye akiwa amechoka akaandika namba kwa mkono na kugonga muhuri.

"Mama, mimi nakuruhusu utoke," alisema akimrudishia. "Huko unakokwenda sijui. Wakikataa, unageuzwa na ndege hiyohiyo."

Maneno hayo alisafiri nayo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege, na watu walikuwa wamemtisha habari za kupaa na kutua, lakini ndege ilipaa asihisi. Hofu yake ilikuwa imejaa tele na haikuwa na nafasi ya mgeni mwingine. Pembeni yake watu walikuwa wakiulizana mwaka umewaendaje. Mmoja alikuwa amepata kazi, mwingine amemaliza nyumba. Mama Dobi alijaribu kuufikiria wake. Alikuwa amenyoosha nguo za watu wangapi mwaka ule, akawakabidhi zikiwa hazina hata kunyanzi moja, na mambo yake mwenyewe ndiyo yaliyojikunja. Mwaka mzima alikuwa akienda kuelekea siku hii moja. Kama angegeuzwa mlangoni, na Kidoti akapatwa na lolote, angeisikia tena habari kwa simu, pale pale mezani. Alikaa roho juu mpaka ndege ikagusa ardhi.

Dirishani kwa uhamiaji alikuwapo mwanamke kijana mwenye miwani na sare iliyonyooka vizuri. Lugha walielewana, lafudhi tu ndiyo ilikuwa ngeni. Mashine ililia. Afisa akajaribu tena, ikalia. Akaifungua pasipoti chini ya taa, akapitisha ukucha kwenye malengelenge, akaiinua puani.

"Inanuka gundi," alisema.

Mama Dobi aliitazama ile kona iliyobandikwa.

"Hii imetokeaje, mama?"

Ukweli ulikuwa palepale ulimini, lakini alipoupima aliuona ni wa kijinga mno. Nani angemwamini? Na Gundi wa watu, wangemwita mghushi. Basi akasema, "Ilinyeshewa. Mvua."

"Mvua haichemshi plastiki."

"Ilikuwa mvua kubwa."

Afisa hakucheka. Aliinua simu, akasema maneno machache, na muda si muda Mama Dobi akaongozwa kwenye chumba kidogo chenye meza, viti vya chuma na dirisha lisilotazama popote. Simu yake ilichukuliwa ikawekwa kwenye trei. Ilikuwa ikitetemeka. Jina la mkwe wake lilikuwa likiwaka, likizimika, likiwaka tena.

"Naomba nipokee," alisema. "Binti yangu anajifungua."

"Tutamaliza kwanza hapa." Afisa aliketi mbele yake. "Mama, nikuambie ninachokiona. Naona picha iliyobanduliwa na kubandikwa. Naona mtu anayenidanganya. Kwa kawaida mtu wa namna hii anarudi na ndege aliyokuja nayo, na ndege yenyewe inajazwa mafuta sasa hivi. Wewe ni nani?"

Simu ilitetemeka tena, ikajisogeza kwenye trei kama mdudu aliyelala chali. Mama Dobi alijikaza kisabuni, akafumba macho.

"Niliipiga pasi," alisema.

"Uliifanya nini?"

"Niliipiga pasi. Ililowa maji ikajikunja, nikawa naongea na mkwe wangu kuhusu presha ya mwanangu, mikono ikaenda yenyewe. Mimi ni dobi. Kona ikabanduka, jirani yangu akaibandika, fundi viatu, hana nia mbaya, yule ukimwachia angebandika hata mto uliokauka. Mvua nimedanganya. Niliona haya."

Afisa alivua miwani, akamtazama kwa macho ya mtu asiyejua acheke au aite mlinzi.

"Miaka yote ya kazi yangu," alisema, "nimeambiwa mbwa amekula. Nimeambiwa mtoto ametapikia. Hii ya pasi ni mpya." Alisogeza kifaa chenye kioo. "Ulitoa alama za vidole ulipoomba viza. Weka mkono."

Mama Dobi akaweka mkono wa kulia, maana ndio mtu anaompa mkubwa. Kioo kikawaka chekundu. Akaambiwa akandamize. Chekundu. Akafuta kwenye gauni, akaweka tena. Chekundu.

Afisa alivaa miwani yake. Uso wake ulikuwa umefunga tena. "Basi, mama. Vidole navyo havimo." Akainuka na kuchukua pasipoti.

Ndipo hofu ilipomfikisha Mama Dobi pale ambapo mtu hupiga kelele au hukumbuka. Alikumbuka. Karani aliyehangaika, akisema, "Basi tujaribu huu mwingine."

"Wa kushoto!" alisema karibu kwa ukali. "Samahani, mwanangu. Walichukua wa kushoto. Huu wa kulia pasi imeula."

Akaweka mkono wa kushoto, ule ambao kazi yake ilikuwa kushika tu kitambaa kisiteleze. Kioo kilifikiri. Mama Dobi aliitazama ile rangi nyekundu kama mtu anayetazama mlango ambao nyuma yake kuna daktari. Kisha kikawaka kijani, na kwenye kompyuta ya afisa ukatokea uso wake, mzima, bila malengelenge, ukiwa umenuna kama siku ile ofisini.

Afisa alishusha pumzi. Aliandika karatasi ya muda, akagonga muhuri, akamwonya mara mbili kwamba kurudi nyumbani ni lazima apate hati mpya ubalozini. Akamrudishia simu. "Kimbia, mama. Na pasipoti nyingine ikilowa, ianike."

Simu za mkwe zilikuwa zimekatika zote. Nje mkwe wake alikuwa amesimama amevaa shati lililofungwa vifungo vibaya. Mama Dobi alimtazama usoni.

"Sema."

"Wameamua kumpasua. Presha, mama. Wamesema hawawezi kungoja. Nilitaka nikae naye, akanifukuza nije kukuchukua."

Wakaingia garini. Barabarani watu walikuwa wamebeba mifuko ya zawadi, maduka yalikuwa na matangazo ya kuuaga mwaka, na Mama Dobi aliona vyote hivyo kama vinavyotokea nyuma ya kioo cha banda la mtu mwingine. Walifika kwenye ukumbi mrefu wa hospitali wenye harufu ya dawa wakati kitanda cha Kidoti kikisukumwa kutoka chumbani.

"Mama?" Kidoti aligeuza kichwa. Midomo yake ilikuwa mikavu, ile alama nyeusi peke yake ndiyo iliyobaki na rangi. "Kwa nini ulikuwa hupokei?"

"Nimekuja. Nilikuwa napiga soga na serikali."

"Naogopa."

"Na mimi naogopa. Tuogope wote. Nipo hapa mlangoni, sitoki."

Milango ikafungwa. Mkwe alikaa, akasimama, akakaa. Mama Dobi hakukaa. Alishika ukingo wa dirisha, akagundua kwamba alikuwa akiupapasa kwenda na kurudi kama anayenyoosha kola. Mwaka jana wakati kama huu hakujua kwamba kulikuwa na mlango. Mambo yalikuwa yamekwisha, yeye akaletewa tu maneno. Sasa alikuwa hapa na hakuna alichoweza kufanya, na bado asingekubali kuwa kwingine. Kwa muda mrefu hakuna sauti iliyotoka ndani isipokuwa ya vyuma kugusana.

Muuguzi alitoka na kifurushi cha kitambaa cheupe. Alikuwa anatembea haraka. Hakikulia.

"Bibi ni wewe? Mama yake anashonwa, hali yake si mbaya. Mshike huyu hapa kidogo, naandaa kitanda chake."

Uso mdogo ulikuwa umefumba macho, umetulia mno. Mama Dobi alifanya kile ambacho mikono yake inajua: alinyoosha kidole cha kulia, kile cha kupimia moto, akakigusisha kwenye shavu la mtoto. Hakuhisi kitu. Si joto, si baridi, hakuna. Ukumbi mzima ukamzunguka.

Kisha akabadilisha mkono, akagusisha kidole cha kushoto.

Mtoto alikuwa na joto. Alikuwa na joto kama shati lililotoka mezani sasa hivi, na alipoguswa alikunja uso wote, akafungua kinywa, akalia kwa hasira mpaka baba yake akaruka kutoka kwenye kiti. Mama Dobi aliacha kidole kilekile palepale, wala hakujaribu kuunyoosha uso ule uliojikunja.