Nakubariki

Jumapili nyumba yetu karibu na reli ilikuwa inatoa watu wa makanisa mawili kwa mlango mmoja. Kambo, mama ya mama yetu, alishuka kwenda misa na rozari yake. Yaya, dada yangu mkubwa, alipanda na bwana yake kwenye kanisa la uamsho, kule wanakoimba mpaka mabati yanatetemeka. Shemeji alikuwa askari wa base, kambi ya jeshi, mtu wa magharibi ya nchi, Kiswahili chake kikiingiliwa na Lingala kila mara. Mimi nilikwenda kote kuwili, maana nilipenda nyimbo, na misa ya kwanza ilikuwa inaisha mapema.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa naota kuwa mtangazaji wa redio. Mwiko wa bukari, wa kusongea ugali, ndio uliokuwa mikro yangu ya kutangazia. Kambo alisema sauti yangu ni safi, shida ni kichwa.

Yeye alizaliwa upande wa Kabondo-Dianda, ambako padri alikuwa anafika mara moja kwa mwaka, kama mvua imeacha barabara. "Batoto habangoje padri," alikuwa anasema. Kwa hiyo kila mtu wa nyumba yake alipaswa kujua jambo hili hata kabla ya Baba Yetu: mtoto akiwa anakufa, mmwagie maji kichwani mara tatu, useme, Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mtu yeyote anaweza, hata mtoto wa shule. Nilibatiza magunzi ya mahindi tangu nikiwa na miaka saba. Moja lilikuwa na nywele nzuri sana, nililia siku kambo alipolitia motoni.

Halafu yaya akazaa mtoto wa kiume, na maneno yakaanza. Kwa kina shemeji mtoto mchanga habatizwi. Anatolewa mbele ya kanisa, anabarikiwa, basi. Maji yanamngoja mtoni mpaka awe mtu mzima na aamini mwenyewe.

"Mutoto ya muntu munamuacha vile, kama kifaranga?" kambo aliuliza.

"Kambo, hajue bado zambi," shemeji alijibu. "Atabatizwa siku atajua yeye mwenyewe."

"Na akikufa mbele ya kujua?"

"Kambo!" Yaya alimfunika mtoto kitenge haraka, kama vile neno lile lilikuwa upepo.

Siku ya kumtoa nilikaa mstari wa mbele. Pastor alimnyanyua juu kwa mikono miwili, akapaza sauti: "Nakubariki kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu!" Mtoto akapiga chafya ndani ya mikro. Kanisa zima likacheka. Mimi nilicheka mpaka machozi. Nyumbani wiki nzima nilikuwa namnyanyua vile vile juu ya kitanda, na sauti ya pastor, mwiko ukiwa umelala kando yetu: nakubariki, nakubariki, nakubariki. Kila mara alinitolea ulimi. Huo ndio ulikuwa mchezo wetu, hatukuwa na mwingine.

Wiki iliyofuata homa ikamshika. Shemeji alikuwa ametumwa mbali na kikosi chake. Tulimpeleka kituo cha afya saa nane za mchana, wakamtia serumu, maji ya mshipani. Dawa moja haikuwepo pale, yaya akakimbia kuitafuta famasi ya ng'ambo ya reli. Kurudi, akakuta treni ya mizigo imesimama katikati ya njia, behewa kwa behewa, haina mwisho. Mimi nilikuwa nimempakata mtoto. Pumzi yake ikabadilika, ikawa kama ya mtu anayepanda mlima. Nilimwita muuguzi. Akaja, akamgusa, akatoka mbio kumtafuta daktari.

Tukabaki wawili.

Kwenye dirisha kulikuwa na chupa yetu ya maji. Niliichukua. Nilimwaga mara tatu, na nilisema vizuri sana, sauti ya redio, bila kukwama hata mahali pamoja. Lakini neno lililotoka lilikuwa lile la wiki nzima. Nakubariki. Nilijisikia mwenyewe baada ya amina. Nikafungua kinywa ili nirudie, nisahihishe. Alikuwa amekwisha kwenda.

Yaya alifika na dawa mkononi.

Kambo alipofika hakulia kwanza. Alinishika mabega. "Ulifanya?"

"Nilifanya, kambo."

Akakaa chini kwenye sakafu na ndipo akalia. "Aksanti, mutoto yangu. Basi iko malaika. Iko kwa Mungu sasa hivi."

Kwenye matanga akaja katekista na daftari yake. Aliniuliza kwa upole kama nilimwaga maji. Nikasema mara tatu. "Na maneno? Ulisema namna gani?" Nilimtazama kambo. "Nakubatiza," nikajibu. Akaandika. Walimzika na kitambaa cheupe cha ubatizo.

Shemeji alirudi siku ya nne, habari za ubatizo amekwisha kuzisikia njiani. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali apige. Alisimama mlangoni na mzigo wake bado mgongoni, akaniita shemeji kwa Lingala yake. "Semeki, nani alikupatia ruhusa? Mutoto yangu. Hata kumuzika mulinizikia, na imani yake mulinichagulia?"

Neno moja lingemponya. Ningemwambia: shemeji, sikumbatiza, nilimbariki kama pastor wako. Lakini kambo alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, na neno hilo hilo lingemtoa mtoto mbinguni mbele ya macho yake. Shemeji akageuka, akarudi base na mzigo wake, na siku nyingi hakuja kula kwetu.

Tangu hapo sikuweza kupokea komunyo. Ningepokeaje, na uongo ule umeandikwa kwenye daftari la kanisa? Kambo akiuliza kwa nini nimebaki kwenye benchi, nilisema nimekula bombo, peremende, njiani, nimevunja mfungo. Alikuwa ananisonya: muntu muzima, bombo!

Yaya hakudanganyika. Siku moja tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo. "Weye unaficha kintu," alisema. "Hizo bombo unanunuaka wapi, minyi siionake?"

Nilimwambia yote. Akasimamisha mchi. Nilingoja kofi.

"Maji ilikuwa ya baridi?"

"Nini, yaya?"

"Maji. Ulimumwangia ya baridi? Alikuwa anaogopa maji ya baridi."

"Hapana. Chupa ilikuwa kwenye dirisha, jua ilikuwa inaipiga. Ilikuwa vuguvugu, kama ile ulikuwa unamuogeshea."

"Alilia?"

"Hapana, yaya. Nilipomubariki alitoa ulimi."

Alikaa juu ya kinu kilichojaa sombe, kitenge kikaloa kijani, wala hakuona. Tulilia mpaka majirani wakachungulia. Halafu alijifuta kwa mgongo wa mkono na kusema, "Ambia bwana yangu. Kambo yeye, muache."

Nilimkuta shemeji kwenye soko dogo la wake za askari, mbele ya base. Nilipomwambia alivua kofia. "Ulisema nakubariki? Sema tena." Nikasema, pale katikati ya mafungu ya samaki wakavu, na sauti yangu ilikwama mahali pote. Jumamosi ile akaja kula.

Kambo tulimwacha. Kila jioni anamwomba mtoto atuombee, anamwita mtakatifu yetu mudogo, nami naitika amina.

Jumapili iliyopita, misa ilipoisha, alinisimamisha mlangoni mwa kanisa na kunyoosha mkono. "Leo nipe na minyi bombo moja."

Nilitafuta mfuko wa kulia, nikatafuta wa kushoto. Alikuwa ananitazama tu. Nilijua hamna kitu, na bado nilitafuta.

Alichovya vidole kwenye maji ya baraka ya mlangoni, akanigusa paji la uso kama mtoto mchanga.

"Mungu akubariki," alisema.

Nikalia pale pale, watu wa misa ya pili wakitupita kuingia.