Ijumaa Niliyopewa Mgongo

Teksi ilishaanza kujivuta kwenye kona ya mtaa wa Xiaobei, na Eitan kichwa bado kiko dirishani, ananifundisha wimbo.

"Ubeti wa mwisho usiharakishe, mzee. Wape nafasi."

"Nafasi ya nini?"

Teksi ikamezwa na magari ya kwenda uwanja wa ndege. Jibu sikulipata.

Na jibu lile lingenisitiri. Maana jioni ile ile, sebule nzima ya watu wazima na akili zao ilinigeuzia mgongo nikiwa katikati ya kuimba. Wote kwa pamoja, kama waliopigiwa filimbi.

Ngoja niende taratibu.

Mimi ni Ahmada, nimekulia Tanga. Shule nimesoma vipande vipande: madrasa kidogo, darasani kidogo, halafu melini. Nimekaa Durban, nimekaa Muscat, sasa niko Guangzhou, nafunga mizigo ya watu inayokwenda bandari ya Nansha. Begi langu hukaa karibu na mlango. Mji ukinichosha, nahama.

Mteja wangu mmoja ni Mama Tirza, mjane wa Kiyahudi, mnunuzi wa viatu kule soko la Zhanxi. Yeye akitaja bei, laoban, yule bosi wa duka, anatafuta kiti.

Kila Ijumaa jua likizama, Wayahudi wachache wafanyabiashara hukutana sebuleni kwake, ghorofani, kuipokea Sabato yao. Eitan ni mjukuu wake. Gitaa ni yeye, sauti ni yeye. Waliobaki, Mungu anisamehe, wanaimba kama milango isiyotiwa mafuta.

Sasa Eitan anaondoka, anakwenda kuoa.

Mama Tirza alishatangaza: "Ijumaa hii ikipoa, nafunga. Nakwenda kukaa kwa binti yangu." Na akifunga yeye, wale wengine kila mtu anabaki na chumba chake cha hoteli na ukuta wa kuutazama.

Ndiyo Eitan akanikumbuka mimi. Alishanisikia stoo, nafunga maboksi huku navuta sauti. Ujanani nilikuwa muitikiaji wa taarabu. Sauti haistaafu.

"Wewe beba mahadhi tu," akaniambia. "Sala anaongoza bibi."

Tukawa tunafundishana mchana, juu ya maboksi ya viatu. Mimi nilidhani ibada yao ni wazee kunung'unika. Kumbe siku hizi kuna gitaa, kuna makofi, kuna mahali maneno yanaisha kabisa, mnabaki na la-la-la tu, na mtu mwenye kampuni yake anafumba macho kama mtoto anayenyonya.

"Maneno ni ya kale, hayaguswi," Eitan akasema. "Mahadhi ni ya juzi. Haya mengine nimeyatunga bafuni."

"Kasida ni hivyo hivyo. Maneno yale yale, kila madrasa na mahadhi yake."

"Basi umeshajua nusu."

Ile kha yao ya kooni haikunisumbua hata kidogo. Ustadhi wangu alishaniingizia kwa bakora.

Aliyenisumbua ni Hafidha, Mzanzibari mwenye mgahawa ninapokunywa chai.

"Babu, nasikia umekuwa mwimbaji wa Mayahudi."

"Nabeba mahadhi tu."

"Ramadhani nilikuomba kasida moja hapa, ukasema kifua."

"Kifua kimepona."

"Kimepona kilipomuona kuku wa Mama Tirza."

Nikavuta kikombe changu cha chai. Kuku yule kweli ni mtamu.

Ijumaa ikafika. Nimevaa kanzu nimeinyoosha, nimesimama dirishani, watu wananitazama, mlango uko nyuma yao. Mama Tirza akaomba, kisha akanipa ishara.

Nikaanza.

Ubeti wa kwanza, milango yote ikapata mafuta. Wa pili, makofi. Mama Tirza kafumba macho. Nikajisemea, Ahmada, umewaokoa hawa.

Ikafika ubeti wa mwisho. Nikakumbuka: usiharakishe.

Nikauvuta.

Wakasimama. Wakanigeuzia mgongo.

Sikilizeni. Kwenye taarabu ukiimba vizuri unatunzwa. Ukiimba vibaya, watu wanakunywa soda zao kimya. Lakini kupewa mgongo? Hapo umeambiwa nenda kwenu.

Jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo. Nimemharibia mjane nyumba yake. Kesho napanda treni ya Yiwu, Hafidha asinione.

Ila bibi mmoja wa taarabu alinifunza: wimbo haukatwi katikati, hata ukumbi ukiwaka moto. Kwa hiyo nikaondoka huku naimba. Nikapita katikati yao, macho chini, sauti juu. Nikafika mlangoni, nikaufungua.

Nje kasimama jirani, Bibi Liang, na pajama zake za waridi, mkono umeinuliwa kugonga. Alikuja kulalamika kelele.

Nyuma yangu chumba kizima kikainama. Kikamwinamia yeye.

Bibi Liang akatazama. Akashusha mkono. Naye akainama.

Wimbo ukaisha. Kisha Mama Tirza akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, akamshika jirani mkono, akamuingiza ndani.

Mimi mguu mmoja tayari uko kwenye korido.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza. "Nani alikufundisha hilo la mlango?"

"Lipi?"

"Ubeti huo Sabato inaingia kama bibi harusi. Tunageuka kumpokea, tunamwinamia. Miaka yote hii tunageukia mlango uliofungwa. Hakuna aliyewahi kuwaza kuufungua."

Nikarudisha mguu ndani polepole.

"Kwetu mgeni akifika," nikasema, "mlango unafunguliwa."

Ukweli nilimwambia Hafidha peke yake. Alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la mchele.

Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, watu wakikupa mgongo, kabla hujabeba begi, tazama kwanza wanaangalia wapi.

Eitan ameoa. Anasema mlango wanaufungua na huko kwao sasa.

Mama Tirza hakufunga. Bado ananunua viatu Zhanxi.

Bibi Liang huja kila Ijumaa na machungwa. Maneno hajui, la-la-la anaijua kutushinda.

Hafidha nilimwimbia kasida yake Ramadhani iliyofuata. Alisema kifua bado.

Mimi nipo. Begi kaliomba Hafidha, anawekea vitunguu.