Kuni za Wifi

Jumanne, tarehe 9 Septemba. Jua kali, upepo wa vumbi tangu asubuhi.

Fundi cherehani alikuwa zamu msituni. Kila Jumanne alifunga kibanda chake, akavaa koti la kijani la walinzi wa kujitolea, akaingia kuulinda msitu wa umma bila kulipwa hata senti. Mtaani alijulikana kwa kukosa mtoto. Humu ndani akisema "simama," mtu alisimama.

Yeye na mwenzake, dereva mstaafu, walisikia panga likigonga. Wakanyata. Nyuma ya kichaka, wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa akifunga mzigo wa kuni mbichi.

"Kumbe ni wewe! Nimeshtuka bure," wifi akacheka. "Kesho wanakuja kumposa binti yangu, na jikoni sina hata kijiti. Nipishe, wifi yangu."

"Wifi yako? Juzi mbele za watu si nilikuwa mti usiozaa?"

"Aa, utani huo! Mawifi wasipotaniana, wataniane akina nani?"

"Basi leo mti usiozaa umekuangukia."

Dereva akakohoa. "Kosa la kwanza hili, Fundi. Tumpe onyo, aache mzigo, aende zake."

Kanuni iliruhusu onyo. Iliruhusu pia kumtwisha mkosaji mzigo wake hadi ofisi ya misitu. Na njia za kufika ofisini zilikuwa mbili: ya nyuma ya shule, isiyo na watu, na ya sokoni, inayopita mbele ya duka la baba wa mchumba.

"Mtwishe," Fundi akasema. "Tunapita sokoni."

Wifi akapiga magoti. "Nitoze faini, nitukane, ila si pale! Mwanangu ana kosa gani?"

"Kuzikata ukate wewe, kuzibeba nikubebee mimi? Inuka."

Wakapita sokoni. "Jamani, mama wa bibi harusi huyo!" muuza nyanya akapaza sauti, na kicheko kikatambaa kutoka meza hadi meza. Fundi alitangulia kwa mwendo wa maringo, na mbele ya lile duka akasimama kufunga kamba ya kiatu. Mwenye duka alitoka, akautazama mzigo, akautazama uso uliokuwa chini yake, akarudi ndani bila salamu.

Jioni ujumbe ukaja: wageni hawaji, si kesho wala mtondo. Mume wa Fundi alipousikia alichukua mto wake, akaenda kulala sebuleni.

Asubuhi binti alikuwa mlangoni, macho yamemvimba.

"Mkazamjomba, mimi nilikukosea nini?"

Fundi aligeuka, akaingia ndani. Akavaa koti, akampita, akaenda msituni ingawa haikuwa zamu yake. Akapalilia miche hadi adhuhuri, kwa vidole, taratibu, asije akaujeruhi hata mmoja.